Mtaji wa Benki: Ngao ya Fedha za Mchele na Kakao

MFANYABIASHARA wa Ngana aliyeuza mchele wake Mbeya, au kakao yake kupitia chama cha msingi, huuliza maswali mawili kabla ya kupeleka fedha benki: tawi liko umbali gani, na makato ni kiasi gani. Swali la tatu, ambalo ndilo hubeba usalama wa fedha zote, huulizwa na wachache. Nalo ni hili: Je, benki hiyo ina mtaji wa kutosha?

Swali hili si la wakazi wa Dar es Salaam peke yao. Mei 2017, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilifuta leseni ya Mbinga Community Bank. Januari 4, 2018 ikafuta leseni za benki tano kwa mpigo: Njombe Community Bank, Meru Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank, Covenant Bank for Women na Efatha Bank. Sababu iliyotolewa kwa hizo tano ilikuwa moja: mtaji wao ulikuwa umepungua kupita kiasi kinachovumilika kisheria.

Msomaji wa Kyela atazame ramani. Njombe iko nyuma ya Milima ya Livingstone. Mbinga ni safari ya meli kutoka Itungi au Kiwira hadi Mbamba Bay, kisha barabara ya kupanda milimani. Kwa hiyo benki mbili kati ya sita zilizofungwa katika kipindi cha miezi minane zilikuwa za majirani, na wateja wao walikuwa watu wa aina ile ile: wakulima, wenye maduka, wachuuzi na vikundi vya akiba.

Wiki hii ukurasa huu unaeleza kanuni ya utoshelevu wa mtaji, jinsi mabenki yanavyoitimiza, na mambo ambayo mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wanaweza kuyakagua wenyewe.

Mtaji si fedha zilizomo kabatini

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba mtaji ni noti zilizofungiwa katika chumba cha fedha. Sivyo. Mtaji ni ile sehemu ya mali za benki ambayo haidaiwi na mtu mwingine. Ni mali ya wenye hisa.

Tuchukue mfano wa duka. Mwenye duka Ngana ana bidhaa za Sh. milioni 10. Bidhaa za milioni 8 amekopeshwa na mwenye duka la jumla wa Mbeya. Za milioni 2 amenunua kwa fedha yake. Mvua ikiharibu sukari na saruji ya milioni 1, hasara ni ya mwenye duka. Atalia, lakini deni la Mbeya bado linalipika. Mvua ikiharibu bidhaa za milioni 3, fedha yake yote imekwisha na milioni 1 ya mtu wa Mbeya imepotea pamoja nayo.

Katika benki, mteja mwenye akaunti ndiye yule mtu wa Mbeya. Amana yake ni deni ambalo benki inapaswa kumlipa. Wenye hisa ndio wenye duka. Mtaji wao ukiwa mkubwa, mikopo mibaya itakula fedha zao kwanza na amana itabaki salama. Ukiwa mdogo, hasara itavuka na kuwafikia wenye amana. Ndiyo maana Serikali haimwachii mwenye benki aamue peke yake kiasi cha mtaji anachotaka kuweka.

Mizani miwili ya Benki Kuu

BoT hupima mtaji kwa mizani miwili, na benki inapaswa kufaulu yote miwili.

Mzani wa kwanza ni kiasi cha chini kwa shilingi. Kanuni za Utoshelevu wa Mtaji za 2014 ziliweka Sh. bilioni 15 za mtaji wa msingi kwa benki ya biashara, na Sh. bilioni 2 kwa benki ya wananchi. Kiwango hiki cha benki za wananchi kilikuwa kimetangazwa mapema, na benki zikapewa miaka ya kujiandaa. Muda wa mwisho uliishia Desemba 2017. Siku nne baada ya mwaka mpya, zile tano zikafungwa.

Mzani wa pili ni uwiano. Hapa haiulizwi benki ina shilingi ngapi, bali mtaji huo ni kiasi gani ukilinganishwa na hatari inazobeba. Kanuni zilitaka mtaji wa msingi usipungue asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa uzito wa hatari, na mtaji wote usipungue asilimia 12. Juu yake, tangu 2017, ikaongezwa kinga ya asilimia 2.5. Hivyo benki iliyotaka kufanya kazi bila kuwekewa masharti ililazimika kufikia asilimia 12.5 na 14.5.

Mtaji wa msingi ni fedha za hisa zilizolipwa na faida iliyolimbikizwa, baada ya kuondoa hasara. Mtaji wote ni huo pamoja na mtaji wa nyongeza, kwa mfano mikopo ya muda mrefu ambayo wakopeshaji wake wamekubali kulipwa mwisho, baada ya wenye amana.

Mizani hii ina asili yake nje. Mwaka 1988 kamati ya wasimamizi wa mabenki inayokutana Basel, Uswisi, ilikubaliana kiwango cha asilimia 8 kwa mabenki ya kimataifa. Tanzania imekwenda juu ya hapo. Sababu ni rahisi: benki ambayo wateja wake wengi hutegemea zao moja na mvua moja inahitaji ngao nene zaidi.

Kila mali na uzito wake

Uzito wa hatari ndio kiini cha kanuni hii. Noti mkononi na dhamana za Serikali ya Tanzania hupewa uzito sifuri, kwa kuwa hazitarajiwi kupotea. Mkopo wa rehani ya nyumba ya kuishi huhesabiwa kwa nusu. Mkopo wa kawaida wa biashara, ukiwamo wa kununulia mpunga, huhesabiwa wote, yaani asilimia 100.

Tupige hesabu ya benki ya mfano, isiyo na jina, yenye mali za Sh. bilioni 200:

Fedha taslimu na akiba BoT: bilioni 30, uzito 0, inabaki 0.
Dhamana za Serikali: bilioni 50, uzito 0, inabaki 0.
Amana katika mabenki mengine: bilioni 10, uzito asilimia 20, inabaki bilioni 2.
Rehani za nyumba: bilioni 20, uzito asilimia 50, inabaki bilioni 10.
Mikopo ya biashara na kilimo: bilioni 80, uzito asilimia 100, inabaki bilioni 80.
Majengo na vifaa: bilioni 10, uzito asilimia 100, inabaki bilioni 10.

Jumla ya mali zilizopimwa ni Sh. bilioni 102. Benki hii ina mtaji wa msingi wa bilioni 16 na wa nyongeza bilioni 2. Bilioni 182 zilizobaki ni amana na madeni mengine. Mtaji wa msingi ni asilimia 15.7 na mtaji wote ni asilimia 17.6. Imefaulu. (Katika hesabu kamili huongezwa pia hatari za soko na za uendeshaji, hapa tumeziacha ili mfano ueleweke.)

Sasa tuseme mikopo ya bilioni 5 imeshindikana kulipwa na benki imelazimika kuifuta. Mtaji wa msingi unashuka hadi bilioni 11, na mali zilizopimwa hadi bilioni 97. Uwiano unakuwa asilimia 11.3 na 13.4. Benki bado iko juu ya 10 na 12, lakini kinga imetobolewa. Tena bilioni 11 ni pungufu ya zile bilioni 15 za mzani wa kwanza. Hasara ikifika bilioni 8, mtaji wa msingi ni asilimia 8.5 tu, na benki imeanguka katika mizani yote miwili.

Msomaji azingatie: bilioni 5 kati ya mikopo ya biashara ya bilioni 80 ni kama mikopo sita katika kila mia. Msimu mmoja wa mafuriko au bei mbaya unatosha kuleta hasara hiyo. Ndiyo maana BoT imeweka lengo kwamba mikopo isiyolipika, ambayo siku hizi huitwa mikopo chechefu, isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Na tangu Januari 2018 kanuni za kimataifa za hesabu zinataka benki itenge fungu la hasara inayotarajiwa, bila kusubiri mkopo ufe kwanza.

Jinsi mabenki yanavyotimiza kanuni

Benki inayoona uwiano wake unashuka ina njia chache, na kila moja humgusa mtu fulani.

Ya kwanza ni kubakiza faida. Wenye hisa hukosa gawio ili mtaji ukue. Benki ambayo imetoboa kinga ya asilimia 2.5 hairuhusiwi kugawa gawio wala kutoa bonasi mpaka ijazie.

Ya pili ni kuuza hisa mpya. CRDB ilifanya hivyo 2015: kila mwenye hisa tano alipewa nafasi ya kununua moja mpya kwa Sh. 350, na hisa zote zikaongezeka kutoka kama bilioni 2.18 hadi bilioni 2.61. Mwenye hisa 1,000 alitakiwa kutoa Sh. 70,000 kwa hisa 200. Asiyenunua hakupoteza hisa zake, lakini sehemu yake katika benki ilipungua kwa moja ya sita.

Ya tatu ni kukopa kwa muda mrefu kwa masharti ya kulipwa mwisho. Njia hii husaidia mtaji wote, lakini haiongezi mtaji wa msingi.

Ya nne ni kubadilisha mali. Hapa ndipo mfanyabiashara wa Ngana anapoguswa moja kwa moja. Mkopo wa Sh. milioni 10 wa kununulia mpunga unaitaka benki iwe na mtaji wa Sh. milioni 1.45 nyuma yake. Kiasi hicho hicho kikinunua hatifungani ya Serikali, hakuna mtaji unaotakiwa. Benki yenye mtaji mwembamba itakwambia kwamba maombi yako "yanashughulikiwa", huku fedha zikienda Hazina. Pengine hujakosa sifa. Benki ndiyo iliyokosa nafasi.

BoT inaijua hali hiyo. Julai 2021 ilitangaza hatua za kuchochea mikopo, zikiwamo kupunguza uzito wa hatari kwa baadhi ya mikopo katika hesabu ya mtaji, na kupunguza akiba ya lazima kwa benki inayokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mkulima au chama cha msingi kinachoomba mkopo kina haki ya kuuliza kama benki yake inatumia nafuu hiyo.

Ya tano ni kuungana. Benki tatu zilizobaki kwenye orodha ya Januari 2018, yaani Kilimanjaro Co-operative Bank, Tanzania Women's Bank na Tandahimba Community Bank, zilipewa hadi Juni 30, 2018 kuongeza mtaji. Benki ya Wanawake iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka huo huo, kama ilivyokuwa kwa Twiga Bancorp. Benki ya Posta baadaye ikaitwa Tanzania Commercial Bank. Nazo Kilimanjaro na Tandahimba ndizo zilizoweka msingi wa Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Wanachama wa vyama vya kakao na mpunga wana sababu ya kuifuatilia historia hiyo, kwa maana benki ya ushirika huomba mtaji kutoka kwa vyama vyao.

Mtaji na ukwasi ni vitu viwili

Watu wengi huchanganya mtaji na ukwasi. Ukwasi ni uwezo wa kulipa leo. Benki yaweza kuwa na mali nyingi kuliko madeni lakini ikakosa fedha taslimu kwa kuwa zote zimekopeshwa. Agosti 2018 BoT ilichukua usimamizi wa Bank M kwa sababu ya ukwasi, na mwaka uliofuata mali na madeni yake yakahamishiwa Azania Bank. Kwa upande mwingine, benki yaweza kulipa kila mteja dirishani leo, huku mtaji wake umeliwa na hasara zisizoonekana. Foleni fupi si ushahidi wa mtaji.

Kwa nini sheria imekuwa kali

Wazee wa biashara wanakumbuka enzi za benki moja. Baada ya Azimio la Arusha 1967 mabenki yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ikashika karibu biashara yote. Ilikopesha vyama vikuu vya ushirika na mashirika ya umma, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikurudi. Hapakuwa na mwenye hisa aliyeogopa kupoteza fedha yake. Hasara ilibebwa na Hazina, yaani na mlipa kodi. Tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu ilipendekeza mageuzi, na sheria ya mwaka 1991 ikafungua milango kwa mabenki binafsi. NBC ikagawanywa 1997, na ndipo NMB ilipozaliwa.

Milango ilipofunguliwa, kiwango cha mtaji kikawa ndicho kizuizi cha mtu kufungua benki kwa fedha za watu. Majirani nao wamekaza kamba. Uganda ilipandisha mtaji wa chini wa benki ya biashara kutoka Sh. bilioni 25 za nchi hiyo hadi bilioni 150 kufikia Juni 2024. Kenya, kwa sheria ya Desemba 2024, ilipanga kutoka Sh. bilioni 1 hadi bilioni 10 kwa hatua kufikia 2029.

Benki ikifungwa

Benki ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana hulipa kila mwenye amana hadi kikomo kilichowekwa. Januari 2018 kikomo kilikuwa Sh. milioni 1.5. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi milioni 7.5.

Maana yake kwa mfanyabiashara ni hii. Aliyekuwa na Sh. milioni 20 katika benki iliyofungwa 2018 alikuwa na uhakika wa milioni 1.5. Kwa zile milioni 18.5 alisimama katika foleni ya mfilisi, akisubiri mali ziuzwe na wadaiwa walipe. Kwa kikomo cha milioni 7.5, angesubiri milioni 12.5. Huo ni mtaji wa msimu mzima wa kununua mpunga. Na aliyekopa hasamehewi: deni linahamia kwa mfilisi.

Bima hii ni ya mabenki. Akiba iliyoko katika SACCOS haimo, wala fedha iliyoshikwa na mtunza hazina wa kikundi.

Mambo ya kukagua

Benki hutakiwa kuchapisha hesabu zake kila robo mwaka katika magazeti, na matawi mengi huzibandika ukutani. Mwenye amana au mwenye hisa aangalie haya:

Kwanza, fedha za wenye hisa zikilinganishwa na mali zote. Si uwiano wa kisheria wenyewe, lakini huonyesha unene wa ngao. Zikishuka robo tatu mfululizo, ulizia sababu. Uwiano wa kisheria utaupata katika taarifa ya mwaka.

Pili, mikopo isiyolipika kwa mikopo yote. Linganisha na lengo la asilimia 5.

Tatu, faida au hasara. Benki ndogo inayopata hasara kila robo inakula mtaji wake, hata kama ilianza na mwingi.

Nne, gawio. Benki ikiacha kutoa gawio ili kujenga mtaji, si lazima iwe habari mbaya. Ikinyimwa ruhusa ya kutoa gawio, hiyo ni habari nyingine.

Tano, kwa mwenye fedha nyingi: gawanya. Kiasi kinachozidi kikomo cha bima kinaweza kukaa katika benki ya pili, au katika dhamana za Serikali, ambazo benki zenyewe hupenda kuzinunua.

Mkopaji mkubwa naye akumbuke kwamba benki hairuhusiwi kumkopesha mtu mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi, hata akiwa na dhamana kamili. Kwa benki ya wananchi yenye bilioni 2, hiyo ni Sh. milioni 500. Mnunuzi wa kakao anayehitaji zaidi ya hapo asipoteze msimu akisubiri jibu ambalo kanuni imekwisha kulitoa.

Hakuna sababu ya mtu yeyote kukimbilia dirishani kutoa fedha kwa kusoma makala haya. Mbio za namna hiyo zinaweza kuangusha hata benki nzima yenye afya. Lakini mkulima wa Kyela hanunui mbegu bila kuzimwaga kiganjani na kuzitazama. Karatasi ya hesabu iliyobandikwa ukutani pa benki nayo inastahili dakika tano za kutazamwa, kabla fedha za mavuno hazijavuka dirisha.